Redio ya Baba kwenye Njia ya Nyamirembe

Mume wangu alipofariki, shemeji zangu walikuja Mugoma kuchukua gari. Walikuja wawili, wakanywa uji wangu, kisha wakasema pikapu si kitu cha mwanamke na kwamba wamekwisha kupata dereva. Nikawaambia dereva wamemkuta hapa hapa nyumbani. Wakacheka. Nikatoka nje, nikaliwasha, nikalirudisha nyuma hadi barabarani bila kugusa mgomba hata mmoja, nikakaa nikiwasubiri niwapeleke kwao. Hawakupanda. Waliondoka kwa miguu, na tangu siku hiyo gari likawa langu.

Biashara yetu ilikuwa dagaa. Tuliwanunua Nyamirembe, kwenye mwambao wa ziwa, mashariki ya kwetu, tukavuka nao wilaya ya Biharamulo mpaka Ngara. Wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka mto na vilima vya malisho vikageuka bluu kwa maturubai, dagaa walitakiwa kuliko wakati wowote. Nayo barabara iliogopwa kuliko wakati wowote. Watekaji walilala porini wakisubiri magari. Watu walikuja kunionya mmoja mmoja: jirani, mke wa jirani, katekista. Niliwasikiliza wote mpaka mwisho, nikawashukuru, nikaenda kujaza mafuta.

Aliyekubali kwenda nami ni baba yangu mzazi. Alikuwa mwalimu mstaafu, mwembamba, mbishi, na hakwenda popote bila redio yake ndogo yenye ganda la ngozi. Kabla ya ualimu aliwahi kuwa karani bandarini Nyamirembe, na huko ndiko alikosikia, alfajiri moja, kwenye redio ya fundi wa meli, kwamba watu wamekanyaga mwezi. Habari ile haikumtoka tena. Alipokuwa mwalimu aliifundisha kila darasa: roketi ilivyokuwa ndefu, jinsi mmoja alivyobaki angani akizunguka peke yake wakati wenzake wawili wameshuka. Wazazi walinung'unika. Katekista alimwambia mbele ya watu, nje ya kanisa, kwamba huo ni uongo wa Wazungu.

"Wewe hujafika Roma," baba alimjibu, "na unaamini ipo."

Mwezi Julai, katika ile miezi ya kwanza ya wakimbizi, redio ya ng'ambo iliyotangaza kwa Kiswahili ilisema itakuwa na kipindi cha kukumbuka safari ile, kwa kuwa robo karne imetimia. Baba alikuja kwangu asubuhi akiwa amekwisha kuvaa koti.

"Huku milimani redio inakohoa," alisema. "Pale ufukweni inasema. Nataka kusikilizia pale."

"Na watekaji, baba?"

"Watekaji walikuwepo juzi, na wewe ulikwenda."

Nikachukua ufunguo wa gari. Na dagaa walikuwa wamekwisha.

Tulipita kambini kwa wakimbizi kuchukua abiria, maana kwenda ziwani na bodi tupu ni hasara. Walipanda wanawake wachache waliokwenda kutafuta vibarua, na miongoni mwao mmoja aliyembeba mtoto mgongoni na ambaye hakuzungumza na mtu. Halafu akaja mwanamume mnene mwenye koti safi. Wale wanawake walipomwona wakasogea kumpa nafasi ingawa hakuwa ameomba. Alikuwa mkubwa fulani mle kambini. Yeye na vijana wake ndio walioamua nani apange biashara sokoni na nani asipange. Alifungua mlango wa mbele mwenyewe, akaketi kati ya mlango na baba, akanisalimu kana kwamba gari ni lake.

Tulikwenda vizuri mpaka tulipoipita Biharamulo na kuingia pori linaloshuka ziwani. Hapo, kwenye kona, nikakuta tembo barabarani.

Walikuwa kundi zima, na watoto wao. Nilikwisha kuwaona mara nyingi, lakini kwa mbali. Safari hii jike kubwa lilisimama karibu kiasi kwamba niliona matope yaliyokauka kwenye magoti yake. Nilizima injini kama mume wangu alivyonifundisha. Nikageuka nikawaonyesha abiria wa nyuma kwa kidole mdomoni: kimya. Hata mtoto mgongoni alinyamaza.

Katika kimya kile, yule mwanamume akanyoosha mkono, akachukua redio mapajani mwa baba, akaanza kuzungusha kitufe. Akapata alichokitafuta, kituo cha kwao. Kihangaza chetu na lugha yao ni ndugu, kwa hiyo nilielewa kila neno. Ilikuwa sauti ya kijana mcheshi. Alikuwa akiwaita watu wa kabila jingine mende, akisema kazi ya kuwaua bado haijaisha, na kati ya maneno alicheka.

Niliangalia kwenye kioo. Yule mwanamke mwenye mtoto alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kwenye magoti. Hakuwa akiwatazama tembo tena.

"Zima," nilinong'ona.

"Hii ni habari," alisema. "Mtu ana haki ya kusikiliza habari za kwao."

Yule tembo jike alitandaza masikio. Nilishika usukani. Sikuweza kuwasha gari wala kupaza sauti, na yule kijana wa redioni aliendelea kucheka. Ndipo baba alipoichukua redio kutoka mkononi mwa yule mtu, taratibu, kama mwalimu anayemnyang'anya mwanafunzi kombeo. Akaigeuza, akafungua kifuniko cha nyuma, akachomoa betri na kuzitia mfukoni. Redio akamrudishia.

"Shika," alimwambia. "Sikiliza."

Tulikaa hivyo mpaka tembo wa mwisho alipoingia majanini. Kisha nikashuka, nikazunguka, nikafungua mlango wa upande wake.

"Nenda nyuma."

"Unajua mimi ni nani?"

"Najua. Ndiyo maana nataka ukae nyuma."

"Hutauza hata dagaa mmoja kambini. Nakuapia."

"Sawa. Nenda nyuma, au baki hapa na tembo."

Aliangalia pori, akanitazama, akairudisha redio mapajani mwa baba, akashuka. Nilimwita yule mwanamke mwenye mtoto aje mbele. Alisita. Baba akamwambia kwa lugha yake, "Njoo, mwanangu, huku hakuna vumbi." Alikuja, akaketi akiwa amemkumbatia mtoto kifuani mpaka ziwa lilipoonekana.

Nyamirembe jioni ile upepo ulikuwa mdogo. Wanawake walikuwa wakikusanya dagaa waliokaushwa juani, na viboko walivuma kwenye matete ng'ambo ya gati. Yule mkubwa alitoweka mjini bila kuaga. Betri za baba zilikuwa zimechoka, akazipanga juu ya boneti ili zipate moto wa injini, akazitazama kama mtu anayechoma mahindi. Muda ulipofika alizirudisha, akavuta waya wa antena mpaka kwenye mlingoti wa gati, na ile sauti ya Kiswahili ikatoka safi kuliko nilivyowahi kuisikia kwetu.

Walieleza safari yote. Walipiga na maneno yenyewe ya watu wale, yaliyokwaruza na kukatikakatika, na mtangazaji akayatafsiri. Wachuuzi walisogea. Mvuvi mmoja alisema ni uongo. Baba alimwonyesha mkono anyamaze, bila kumtazama. Nilimwona akitamka baadhi ya maneno kabla mtangazaji hajayatamka.

Kipindi kilipoisha, yule mwanamke ndiye aliyeuliza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia.

"Mzee, wale watu walirudi kwao?"

"Walirudi," baba alisema. "Wote watatu."

"Walipofika, nyumba zao zilikuwepo?"

Baba, ambaye kuhusu safari ya mwezini hakukosa jibu kamwe, aliipunguza sauti redio kwanza. Kisha akasema, "Zilikuwepo, mwanangu." Yule mwanamke akatikisa kichwa polepole, akamhamisha mtoto bega jingine. Hakurudi nasi Ngara. Mama mmoja mkaushaji dagaa alimpa kazi na mahali pa kulala, na mimi nilimpelekea ndizi kila niliposhuka.

Yule mkubwa alitimiza kiapo chake. Nilipofika sokoni kambini na mzigo, vijana wenye fimbo walisimama mbele ya gari. "Dagaa wako kawauze mwezini," mmoja aliniambia; habari za kipindi cha baba zilikwisha kufika kambini. Sikushuka kubembeleza. Niligeuza gari nikawauza dagaa wangu vijijini, Mugoma na Murukulazo, kwa faida ndogo, kilo kwa kilo, na wengine kwa kubadilishana maharage. Wiki zilizofuata, wanawake wa kambini wakaanza kunisubiri mbali na soko, kwenye njia ya kuchota maji, na vikapu vyao chini ya khanga. Niliwapimia haraka, wakaondoka.

Halafu mtu akavunja kioo changu cha mbele kwa jiwe. Hapakuwa na kioo cha kununua Ngara nzima. Shemeji zangu walituma ujumbe kwamba sasa niliuze gari, mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, ingawa wao ni Wakatoliki kama mimi. Nilivaa miwani ya jua ya marehemu mume wangu, nikajifunga kitambaa puani, nikaendesha hivyo miezi mingi. Wadudu walinipiga usoni. Mvua ilipokuja, baba alikaa pembeni akiwa ameshika mwavuli mbele yetu, nusu nje, huku akilalamika kwamba siendi mwendo wa kutosha.

Asubuhi moja nilisimama njiani, Kaniha, na wanawake waliokuwa wakingoja usafiri wa kwenda ziwani walilizunguka gari wakilikagua. Mmoja wao, mtu mzima, alipitisha mkono pale kilipokuwa kioo.

"Shikamoo, mama," nilimsalimu.

"Marahaba. Ni wewe unayepita lile pori hivi hivi?"

"Ni mimi."

"Huogopi?"

"Naogopa sana," nilisema. "Pandeni, twende."

Walitazamana, wakacheka, wakaanza kurusha makarai yao kwenye bodi.