Fundo Lililokataa Kuamkia

Kabla hamjaanza kusoma, mnivumilie. Mwandiko wangu umelala upande, na mkikuta neno nimelikosea, lisomeni kama lilivyopaswa kuwa. Niliishia darasa la saba na naandika polepole. Lakini jambo hili nikilikumbuka, bado nafurahi.

Nilikuwa nasuka nywele Shelui, pale malori yanapolala, kisha nikaja Singida mjini kwa kaka yangu mwenye duka la picha na video. Miaka ile mashine za watu binafsi za kukamua alizeti ziliongezeka, na kila mwenye mashine alitaka tangazo. Mama mmoja aliagiza la katuni: dada anaingia na dumu la mafuta, anapiga goti, anamwamkia mama mkwe. Alisisitiza dada awe amebana nywele, fundo kisogoni, kama mke wa watu.

Kaka alikuwa na programu ya kuotesha nywele kwenye kompyuta. Uso wa dada huyo wa katuni aliumaliza, nywele zikamshinda. Na mama yetu alikuwa ameshaagiza nirudi Shelui kuvuna.

“Fundo likikaa kabla mteja hajaja Ijumaa,” kaka akaniambia, “nitaongea na mama ubaki tufanye kazi hii. Lisipokaa, mdogo wangu, panda gari ukavune.”

Nilitaka kubaki mno. Kwenye programu ile unachora nywele chache tu za kuongoza, kompyuta inajaza nyingine zote zifuate. Nilipozivuta nyuma na nywele za kichwa kizima zikafuata, nilipiga kelele, mimi ambaye wateja wakiingia nilijificha nyuma ya pazia!

Nikazizungusha, likatoka fundo zuri. Kaka akampigisha dada goti. Dada akashuka, fundo likabaki juu hewani.

“Limekataa kuamkia!” kaka akacheka. “Fundo gani hili halina adabu?”

Nikazivuta kwa nguvu zaidi. Paji la uso likapanda mpaka utosini.

“Sasa umempa kipara.”

Niliacha kompyuta nikakaa nikijishika nywele zangu. Ndipo vidole vikanikumbusha. Shelui sijawahi kuzungusha fundo bila kufunga kwanza. Unachana, unakusanya, unafunga shina kwa uzi mweusi, halafu ndipo unazungusha. Huku kwenye kompyuta nilirukia kuzungusha, kwa sababu mkononi sikuwa na uzi.

“Kaka, naomba uzi.”

“Wa kushona nini tena?”

“Wa kumfunga huyu.”

Akanielewa. Akatengeneza kwenye kompyuta kipete chembamba cheusi, akakigandisha kisogoni. Nikapitisha nywele za kuongoza humo ndani, nikazizungushia hapo hapo. Dada akapiga goti. Fundo likashuka naye, likatikisika kidogo, likatulia. Niliruka hadi kigoda kikaanguka!

Ijumaa mteja akaja. Nikamwamkia, “Shikamoo mama,” akaitikia “Marahaba,” nami mbio nyuma ya pazia. Alitazama tangazo lote. Akataka lirudiwe tangu mwanzo.

“Huyu kasukwa na nani?”

Kaka alikohoa. Akageukia pazia. Nikasogeza pazia. Nikatoka.

“Mimi, mama.”

Akanitazama kichwani. “Wewe! Mbona zako ziko timtim?”

Tukacheka wote watatu, na mimi nilicheka kwa sauti.

“Haya,” akasema, “na mama mkwe mbane. Nywele za mvi, kidogo kidogo, asionekane msichana.”

Siku ile ile kaka alimtuma dereva wa lori ampelekee mama habari Shelui: mtu wa kuvuna atafutwe, huyu ana kazi mjini. Mama akajibu kwa dereva huyo huyo kwamba sawa, ila nisisahau kusuka na zangu.

Sasa nyinyi mnaosoma, kwenu fundo mnalifungaje? Kwa uzi, kwa kitambaa, au mnachomeka kijiti? Niandikieni, hata kama mwandiko wenu umelala kama wangu. Kwenye kompyuta yetu kuna wanawake wengi bado wako vichwa wazi, wananisubiri.