Ngoma ya Vinu Vitupu

Mtu akiniambia ngoma ni ngozi iliyowambwa juu ya gogo tu, nabishana naye mpaka anyamaze. Kwetu Songea ngoma ni kinachopigwa, ni kinachochezwa, na ni watu wenyewe waliokusanyika. Mdachi alijua maana moja tu.

Vita vyetu naye vilipokwisha, askari wake walipita nyumba kwa nyumba wakichoma ngoma, na jumbe akatangaza kwamba atakayepiga tena atachapwa viboko bomani. Baba alikuwa amenyongwa, akafukiwa shimo moja na wenzake. Mama alikuwa bado na nywele za msiba, maana kwetu mjane hanyolewi bila ngoma. Alikaa hivyo mwaka mzima, na iliniuma kumtazama.

"Leo nanyolewa," akaniambia asubuhi moja. "Waite wanawake waje na vinu."

Nikamwuliza watatwanga nini, na mashamba yote yameunguzwa. Akasema nisimchoshe.

Walikuja tisa. Wakapanga vinu uani, wakashika michi. Kinu kikubwa kikaanza, vidogo vikadakia, shangazi yangu akatia wimbo wa Kingoni. Njaa ilikuwa imenikausha, lakini nilicheza, tena kwa hasira. Wembe ulikuwa umefika nusu ya kichwa cha Mama askari alipoingia.

"Nani kawaruhusu ngoma?"

"Ngoma iko wapi, bwana askari?" Mama akamjibu. "Si mlizichoma? Haya, tafuta."

Akatia mkono kinu cha kwanza, cha pili, cha tatu. Hakupata hata pumba.

"Sasa mnatwanga nini?"

"Maji," Mama akasema.

Michi ikasimama. Kutwanga maji kinuni ni kazi bure, kila mtu anajua. Lakini neno hilo, jina la dawa tuliyoambiwa itazuia risasi, lilikuwa limewapeleka watu wetu vitani, na tangu siku ile ya kunyonga hakuna aliyethubutu kulitamka mbele ya askari. Naye alilielewa vizuri.

"Twende bomani."

"Twende," Mama akasema, "nywele zikiisha."

Akageukia wanawake, akawaambia waendelee. Wakaendelea. Askari akasimama akingoja, sijui kwa nini, mpaka wembe ukamaliza.

Mama alichapwa kweli. Alirudi jua likiwa bado juu, anachechemea, kichwa cheupe. Nikaanza kulia.

"Nyamaza," akaniambia. "Msiba umekwisha. Mrudishie shangazi yako kinu chake."