Jasi Nyeupe ya Mwaloni

Siku yangu ya kwanza mtamboni, Mkuu wa Zamu alinipeleka chini ya mnara mrefu, akaniambia, "Bwana mdogo, hapa tunaosha moshi." Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanipa glovu, akanionyesha pampu.

Mtambo ulikuwa ufukweni, kaskazini ya mji wa Kigoma, ukizalisha umeme kwa makaa ya mawe. Makaa yana salfa, na moshi wake ukiachwa hivi hivi hukaba koo na kuunguza mazao. Kwa hiyo tuliupitisha mnarani, tukaunyeshea tope la mawe ya chokaa yaliyosagwa, ili chokaa iikamate salfa. Lakini jiwe ni jiwe, halina haraka ya kuyeyuka. Ndiyo maana tulilitilia dawa, unga mweupe wa tindikali isiyo kali, kidogo tu, nalo likayeyuka upesi. Halafu feni kubwa zilipuliza hewa ndani ya tope mpaka likageuka jasi, ile mnayoiita jipsamu mkipiga dari.

Mkuu wa Zamu alitufundisha kuipima kwa kiganja. "Ikamue," alisema. "Ikimeguka kama sukari yenye unyevu, umefanya kazi. Ikikung'ang'ania kama ugali mbichi, umetuaibisha."

Jasi iliyozidi walipewa akina mama wa mwaloni, wanakoanika dagaa. Dada yangu Zena ndiye aliyeanza. Aliitandaza juu ya mchanga, akaishindilia mpaka ikawa sakafu. Dagaa wake hawakuwa na mchanga, na sokoni Mwanga waliisha kabla ya wa wenzake. Nilijivuna, nisiseme uongo. Kazi inayosafisha moshi na kumlisha dada yako, utataka nyingine ya nini?

Baadaye nikahamishiwa kwenye vichujio vya kukamulia maji ya jasi, chini ya Meneja wa Uzalishaji, mgeni kwetu, mtu wa kubana matumizi. Dawa ilipoisha hakuagiza nyingine. Feni nazo akazizima.

"Mzee, hii haitakuwa jasi," nilimwambia.

"Mawe si yapo? Ongezeni mawe."

"Hata tukiongeza, hewa hakuna. Litabaki tope tu. Basi tuwazuie akina mama wasilichukue."

"Tuwazuie kwa nini? Wanatupunguzia safari za lori."

Nilishuka mwaloni siku hiyo hiyo. Nikakuta wenzake Zena wamekwisha kulitandaza tope hilo kwenye kiwanja chake. Ndiyo desturi yao, sakafu ya mmoja hushindiliwa na wote. Zena alichota kidogo, akalitazama. "Kaka, mbona ni jeupe lile lile?" Nikamweleza kwamba hilo hukauka juu tu, ukilikanyaga linageuka uji. Alinisikiliza. Lakini mitumbwi ilikuwa imeshafika, na dagaa hawasubiri.

Akina mama walipoingia kuwageuza, sakafu ikalainika chini ya miguu yao na dagaa wakazama. Wakawaosha, wakawaanika upya, wakawapeleka Mwanga. Mnunuzi mmoja akawanusa, akasema kwa sauti, "Jamani, hawa dagaa wa kiberiti!" Jina likashika. Tangu hapo hata walioanikwa juu ya chanja safi, maadamu wametoka mwalo ule, watu waliwapita. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa nimestaafu, nakaa Gungu. Vijana wanaoajiriwa mtamboni huja kuniuliza kazi ilivyokuwa. Nawaeleza dawa, feni na kiganja. Wananisikiliza kwa adabu, kisha wananiambia moshi siku hizi haupiti mnarani kabisa, umefunguliwa njia ya pembeni. Nimekata tamaa, nalisema wazi, na simwoni wa kuifunga njia hiyo.

Zena aliacha dagaa, akapanda milimani Kalinzi kufanya vibarua kwenye mashamba ya kahawa. Juzi nilimfuata kwa bodaboda. Aliniamkia, akanikaribisha ndizi za kuchemsha. Alikuwa akikohoa. Mibuni kando ya nyumba ilikuwa na madoa ya kahawia kwenye majani. Tukiwa tunakula, upepo wa ziwani ukapanda mlimani, na harufu ile ya kiberiti nikaitambua mara moja. Zena alikuwa ananitazama.

"Kaka," akasema, bila hasira, "hata huku mmenifuata."