Nimenyimwa Gari la Kujaribu, Nikashukuru Mungu

Jamani, leo nimenyimwa kitu na nimefurahi kuliko aliyepewa!

Mnajua leseni yangu ya udereva ya hapa Dubai ndiyo kwanza imetoka. Basi leo Baba Achieng, mume wangu, kanipeleka kwenye yadi ya magari yaliyotumika. Akachagua kagari keupe, akamwambia muuzaji, "Mke wangu ataliendesha kidogo tuone."

Nikatabasamu. Kisha nikatupia jicho getini.

Geti la ile yadi linatokea moja kwa moja kwenye barabara kuu, magari yanapita kama yanafukuzwa. Na mimi nimezoea kuwa na mwalimu kando, mguu wake kwenye breki!

Muuzaji akaangalia leseni. "Sorry, madam. Leseni mpya haturuhusu."

Moyoni: asante Yesu!

Lakini Baba Achieng akaanza kubishana. "Huyu anaendesha vizuri kuliko mimi!" Akaitwa meneja. Meneja naye mpole, akaanza kulainika. Nikaona ananyoosha mkono kuchukua funguo.

Nikamvuta mume wangu shati. "Khalas, baba, yatosha. Sheria ni sheria. Twende."

Ndani ya teksi nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa naogopa ile barabara kuu.

Akacheka mpaka dereva akageuka.

"Mama Achieng, hata mimi nilikuwa naomba wakatae. Lakini ningenyamaza, ungedhani sina imani nawe."

Wenye leseni za hapa, semeni ukweli: siku ya kwanza barabara kuu mliingiaje?