Majani ya Mwezi wa Kumi

Tarehe 24 Oktoba. Joto tangu asubuhi. Moshi wa mapori yanayochomwa umeziba upande wa Luano, kwenye uwanja wa ndege, mpaka ndege inasikika kwanza, kuonekana ni baadaye. Saa nane mawingu yalikuja, yakakaa kidogo juu yetu, yakaenda zake bila kuacha hata tone.

Leo mume wangu amekuja kuangalia ng'ombe ili aamue kama tunabaki. Nimeliandika kama jambo dogo, lakini tangu Jumatatu nilikuwa naiogopa siku hii. Yeye ni mekanika mjini, kwenye mtaa wetu uitwao Kenya, si ile nchi; analala kule kazini, anakuja huku kwa pikipiki kila Jumamosi. Mwaka jana, majira haya haya, ng'ombe wetu walikuwa mifupa mitupu. Wawili walilala chini na hawakuinuka tena. Baada ya kumzika wa pili alisema, bila ukali, "Mwaka kesho ikikuwa tena hivi, tunauzisha yote, tunarudia Kenya, tunaishi kama bantu, kama watu." Nilijibu ndiyo.

Mimi nimezaliwa palepale Kenya. Baba yangu alitoka Kasai, na sisi ng'ombe tulimjua mezani kwa muuza nyama. Kuja kuishi huku nje ya mji ilikuwa ndoto ya mume wangu, mtoto wa Kivu, si yangu. Miaka miwili ya kwanza nililia karibu kila siku. Sasa ni mimi nisiyetaka kuondoka, na sijui kugeuka huku kulitokea siku gani.

Baada ya wale wawili kufa, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mwenye kundi kubwa, alinieleza kitu. Alisema, "Mama, ng'ombe zako hazikukufa mwezi wa kumi. Zilikufa mwezi wa pili, wakati mulibaachia bakule kila pahali." Nilikasirika kwanza. Kisha nikafikiri. Kweli, wakati wa mvua tuliwaacha watembee watakavyo, wakala bonde lote, na kiangazi kilipokuja hapakuwa na akiba.

Basi mwaka huu tulifunga bonde kwa matawi ya miiba tangu mvua ikinyesha. Ng'ombe walikula juu, upande wa miti, na bondeni majani yalisimama mpaka kifuani kwangu. Mwezi wa tano, asubuhi umande ungali chini, tulichoma ukanda mwembamba kulizunguka bonde, ili moto mkubwa wa mwezi wa nane ukija usipate njia. Tulichoma polepole, mimi na matawi mabichi mkononi, macho yanawasha. Sina shule ya mambo haya, nilifika darasa la sita tu. Nilifanya kama nilivyoelezwa.

Mwezi huohuo wa tano, Mama akafika. Ni mama mkwe wangu, alitoka Kivu kuja kukaa na sisi. Amechunga tangu utoto, kwenye milima ya kwao. Siku ya kwanza tu alisimama zizini, akaonyesha kwa kidole: huyu ana kupe masikioni, huyu ana mimba, huyu ni mjinga tangu kuzaliwa. Alikuwa na sauti moja ya kooni ya kuwaita, na ng'ombe niliowalisha miaka minane waliniacha wakamwendea. Niliona wivu. Siwezi kuandika kwamba sikuona.

Jioni moja alisimama mbele ya miiba akitazama bonde, akaniita mukamwana, yaani mke wa mwanawe, kama kawaida yake.

"Mukamwana, ile majani muliacha juu ya nani?"

"Juu ya mwezi wa kenda na mwezi wa kumi, Mama."

"Na mvua inakuja lini?"

"Mwishoni mwa mwezi wa kumi. Ikichelewa, mwezi wa kumi na moja."

Alicheka mpaka akashika nguzo. "Miezi sita bila mvua! Unanicheka juu mi niko muzee. Mungu hawezi kusahau bantu miezi sita!"

Na mimi nikacheka. Niliona ameelewa na anafanya mzaha. Yeye aliona mimi ndiye ninayefanya mzaha. Kwao mvua haikai mbali hivyo. Majani yakiliwa leo, wiki ijayo yameamka. Kiangazi cha huku hakuwahi kukiona hata kimoja. Kosa lote lilikuwa hapo, na nikilipima sawasawa, nusu ni langu.

Mwezi wa saba nilienda Kenya kwenye matanga ya shangazi yangu. Nilikaa siku tatu. Niliporudi na gunia la pumba kichwani, niliona miiba imesukumwa pembeni na ng'ombe wote tisa wako ndani ya bonde, wamezama majanini mpaka migongoni, wanakula bila kuinua kichwa. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu cha maziwa. Alikuwa na furaha kama mtu aliyeniandalia sherehe.

"Angalia maziwa! Ulikuwa unabaficha chakula, mukamwana. Majani haiko mahindi. Haikae ku gala!"

Niliweka gunia chini. Nilisema, "Mama, huku haiko kwenu." Nilisema kwa sauti kubwa, na nikasema na mengine ambayo sitaki kuyarudia hata kwenye daftari. Aliweka kibuyu chini taratibu, akaita kwa ile sauti ya kooni, ng'ombe wakatoka mmoja mmoja wakimfuata. Siku ile hakula chakula changu.

Kesho yake nilimwomba msamaha, nikamwomba tutembee. Nilimpeleka kwenye kilima kidogo nyuma ya zizi, mahali tulipolisha bila kupumzisha miaka mitano mfululizo. Pale hapana jani. Udongo umekuwa mgumu, mvua ikija inateleza juu yake na kushuka na tope mpaka kijitoni. Mama alichuchumaa. Alikwaruza kwa fimbo, fimbo ikagonga kama kwenye saruji. Akachukua chembe za udongo akazisugua kiganjani.

"Hii ni ng'ombe njo ilifanya?"

"Ni sisi, Mama. Ng'ombe ilikula tu penye tulimupeleka."

Alikung'uta kiganja. Kisha akauliza, na sasa hakucheka: "Kweli ni miezi sita?"

"Kweli, Mama."

"Yesu wangu," akasema. "Na munaishi?"

Tangu siku ile bonde likawa lake. Ni yeye aliyesema tusilifungue lote kwa mara moja, maana ng'ombe wakiingia kila mahali wanakanyaga zaidi kuliko wanavyokula. Tulichana vitenge vikuukuu, tukafunga vipande kwenye kamba ndefu iliyokatiza bonde, na kuanzia mwezi wa tisa kila asubuhi tunasogeza kamba hatua kumi. Mama anasimama kwenye kamba na fimbo. Ng'ombe akinyoosha shingo kupita upande wa pili, anamtukana kwa lugha ya kwao. Anawakaripia watu pia. Alifukuza watu wawili waliotaka kuwasha moto kuwatoa ndezi, wale panya wakubwa wa majanini, na akawapa viazi vitamu ili wasiondoke na njaa.

Niandike haki yake nyingine. Pale ng'ombe walipokula zile siku tatu za mwezi wa saba, majani yalitoa machipukizi kidogo, laini, na yale tusiyoyagusa yalikuwa yamekomaa kama ufagio. Ng'ombe walipenda pale alipofungua yeye. Kwa hiyo labda mimi nilifunga mno, na yeye alifungua mno. Sijui wenye elimu wanasemaje.

Lakini hesabu ya hatua haikudanganya. Mwanzoni mwa mwezi wa tisa tulilipima bonde kwa miguu, na majani yalikuwa yanaishia kabla ya mvua. Vinywa tisa vilikuwa vingi. Nilinyamaza, kwa sababu nilijua siku tatu zile zilikwenda wapi, na sikutaka kumwonyesha kidole tena.

Akasema yeye mwenyewe. "Ng'ombe yangu njo atoke."

Alimaanisha yule wa kahawia mwenye pembe iliyopinda, ambaye mume wangu alimpa alipofika. Alikuwa akimkuna shingo kila siku, akimpa chumvi kwenye kiganja.

"Hapana, Mama. Ile ni zawadi ya mutoto wako."

"Sasa iko na nyama. Mwezi wa kumi itakuwa ngozi na kilio. Mi njo nilibakulisha majani mbele ya wakati. Ita muntu."

Nilimwita muuza nyama wa kule Naviundu. Siku ile Mama alikaa jikoni, uso ukutani, akichambua maharage ambayo alishayachambua asubuhi. Sikuthubutu kumgusa bega. Nilikaa tu karibu nikachambua naye.

Ndivyo tulivyofika leo. Mume wangu alivua kofia ya pikipiki, akaingia zizini bila kunywa maji. Alipapasa migongo, mmoja mmoja, wote wanane. Wamekonda, sitadanganya, mbavu zinaonekana. Mimi nilisimama nje, nikihesabu naye.

Mama akamwambia, "Wewe fundi wa motokari, unashika mugongo ya ng'ombe sawa vile unatafuta bulon ya kukaza. Angalia mavi!"

"Mama, mavi tena?"

"Inama, uangalie. Ikiwa ngumu sawa ya mbuzi, njaa iko ndani. Ikimwagika sawa maji, pia mubaya. Hii je?"

Akainama kweli, mtu mzima na nguo zake za Jumamosi, akayachokoa kwa kijiti. Yalikuwa laini, yamekaa vizuri. Nilitaka kucheka na kulia pamoja.

Kisha tukashuka bondeni watatu. Mume wangu alihesabu hatua zilizobaki mbele ya kamba: mia moja arobaini. Siku kumi na nne. Alitazama pia nyuma ya kamba, pale tulipokwisha kula, akaona visiki vya majani bado vimeshika udongo, havikung'olewa. Alisimama pale muda mrefu, mikono kiunoni.

"Nilikuwa nimeshika nyumba ya kupanga kule Kenya," akasema. "Vyumba viwili, karibu na soko. Nitaambia mwenye nyumba apatie muntu mwingine."

Nilisogeza kitambaa kimoja kwenye kamba, ingawa kilikuwa kimekaa sawa.

"Lakini mvua isipokuja, siku kumi na nne zikiisha, tutaongea tena," akasema. Na hapo ana haki, nami nimelikubali. Nilikuwa nimeliwaza kabla yake.

"Itakuja," Mama akasema. "Mukamwana alisema mwezi wa kumi na moja. Yeye hachekake na mambo ya mvua."

Jioni tumekula bukari, ule ugali wetu, na dagaa wa kapenta kwa nyanya, na mboga ya lengalenga kidogo kutoka kando ya kijito. Maziwa yalikuwa kikombe kimoja tu. Tulimpa Mama, akayagawa mara tatu.