Mizani Iliyosema Mbao Zimekauka

Kaka yangu alikuwa juu ya kenchi ya paa, mguu mmoja huku na mwingine huku kama mtu aliyepanda punda, na mimi chini nimeshika ngazi. Akaniambia, "Nipe nyundo ile kubwa." Nikainama kuichukua. Nilipoinuka hapakuwa na kaka wala paa.

Watu wanasema kilisikika kishindo hadi ng'ombe wakakata kamba, lakini mimi sikukisikia. Ninachokumbuka ni misumari ikitoka kwenye mbao, inalia kama bawaba yenye kutu, halafu weupe. Nikadhani nimekufa, na huko wafu waliko ndiko kweupe hivyo. Kumbe ni pamba. Lundo la pamba ya msimu lilinipokea kichwa na kifua, mguu ukabaki nje na kenchi ikauangukia. Kaka aliangukia upande usio na pamba. Walipomtoa bado alikuwa ameuma msumari mdomoni, kama tunavyofanya mafundi tukiwa na mikono iliyojaa.

Hiyo ilikuwa Sola, kwenye ghala jipya la mnunuzi wa pamba, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Tangu siku hiyo mpaka leo watu wanasema kaka yangu aliezekea mbao mbichi huku akijua ni mbichi, kwa tamaa ya kumfurahisha tajiri. Watoto wake wamekua wakiitwa "Mbao Mbichi". Wakienda kuteka maji, Mbao Mbichi hao. Sasa mkubwa wao anataka kuoa, na wazee wa upande wa binti wametuuliza mbele ya watu, bila aibu, kama huu ndio ule ukoo wa fundi aliyejiua kwa paa lake mwenyewe. Jibu ninalo nusu, na nusu nyingine wanayo watu wengine. Kwa hiyo naandika. Shule niliishia darasa la nne, mnisamehe.

Ngoja nirudi nyuma, maana nikianzia mwisho napotea mwenyewe.

Kaka ndiye aliyenifundisha kazi, kwenye karakana ya ushirika pale Bariadi, nyuma ya godauni la pamba. Mbao zilikuwa zinakuja na lori kutoka Iringa, mbichi kabisa, ukibeba moja begani shati linalowa. Kazi yangu ya kwanza haikuwa randa wala msumeno. Ilikuwa kupanga mbao zikauke. Unaweka magogo chini ili mchwa wasifike, unapanga mbao safu moja, juu yake vijiti vya kutenganisha, safu nyingine, vijiti tena, na vijiti vyote vikae mstari mmoja toka chini mpaka juu, vinginevyo mbao zinapinda kama upinde. Ncha unazipaka oili chafu zisipasuke. Juu kabisa mawe. Na yote haya kivulini.

Wapita njia walikuwa wanatucheka. "Nyie, jua lote hili la kwetu, mnaficha mbao kivulini kama mwali?"

Kaka anamjibu mama mmoja wao, "Mbao si michembe, mayu. Viazi vyako anika juani ule. Mbao ukiianika juani inakauka ngozi tu, moyo unabaki na maji, halafu inapasuka ikutukane."

Utajuaje sasa kwamba moyo umekauka? Hapo ndipo kaka alikuwa na namna yake. Katikati ya kila rundo aliweka fungu moja la mbao lililofungwa kamba, ukubwa uleule kila mara, na kila baada ya muda tulilichomoa, tukalipeleka mbele godauni kulitundika kwenye mizani ya pamba. Ile ya duara kubwa, yenye kioo na mshale, inayoning'inia kwenye boriti. Maji yakitoka uzito unapungua. Kaka alipaka kialama cha rangi nyekundu kwenye uso wa mizani, pembeni ya namba: mshale ukishuka ukagusa pale na kutulia, fungu limekauka. Ukiwa umepita pale, rudisha kivulini. Kwa njia hiyo tulitengeneza milango, vitanda na madawati, na sijawahi kuona kitu chetu kimerudi. Mizani ya ushirika ilikuwa kama msahafu. Mkulima angegombana na karani, na hata mwenyekiti, lakini mizani hakuna aliyeigombeza.

Halafu ikaja ruksa. Ushirika ukalegea, wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, kila mmoja anawahi pamba ya mwenzake. Mmoja akapangishwa lile godauni pamoja na mizani iliyokuwa ndani. Sisi akatuacha karakana nyuma, akasema atatupa kazi. Akaja na mpima wake, kijana mwenye kofia, penseli kila wakati sikioni. Kazi ya kwanza ilikuwa ghala la Sola, liishe kabla msimu haujafunguliwa.

Mbao zilishuka mwishoni mwa mvua. Kaka alimwambia mnunuzi wazi, mimi nikiwepo, "Hizi zinataka subira, tajiri. Zina maji." Mnunuzi akasema, "Wewe ndiye fundi. Ukisema zimekauka, zimekauka." Tukazipanga. Tukatundika fungu mara ya kwanza, mshale ukapita mbali kabisa na alama. Sawa. Tukangoja.

Siku tuliyotundika tena naiona mpaka leo. Yule mpima alikuwa ameegemea mlango anatafuna karanga.

"Mwangaluka, mafundi! Hee, na mbao nazo mnaziuza kwa kilo?"

"Tunapima maji yake," kaka akamjibu.

"Maji!" Akacheka mpaka karanga zikamtoka mdomoni. "Ngosha, mwanaume mwenzangu, basi mpime na haya ya wakulima wenu. Pamba yao ina maji kuliko mtumbwi."

Kaka akaachia kamba. Mshale ukacheza, ukacheza, ukatulia. Juu ya alama nyekundu.

Kaka hakuamini. Akalishusha fungu, akalitundika tena. Palepale. Mimi nikaweka shavu kwenye mbao. Ilikuwa baridi, kama mtungi. Nikasema, "Kaka, hizi bado."

"Shavu lako limeanza lini kusoma kilo?"

"Hata pua. Nasikia utomvu."

"Pua yako kila siku inasikia ugali wa shemeji yako kabla moto haujawashwa." Akacheka, na mpima akacheka. Kisha kaka akaacha kucheka, akautazama mshale muda mrefu. "Pengine ni upepo wa mwaka huu," akasema. "Mizani imeshasema. Tupakie."

Kule Sola, nilipopiga msumari wa kwanza kwenye kenchi, ukatoa machozi. Maji kidogo, kuzunguka kichwa cha msumari. Nikamwita. Akayapangusa kwa kidole, akaonja. "Utomvu," akasema. Je, ulikuwa utomvu? Aliamini? Au alikuwa ameshaanza kuogopa na hakutaka niogope? Hapo mimi huwa nachanganyikiwa, na nikifikiri zaidi ndio nachanganyikiwa zaidi.

Ghala likaisha, pamba ikajaa, kiangazi kikakaza. Mbao zikakauka zikiwa zimeshapigiliwa, huko juu, chini ya bati la moto. Mbao inayokauka ikiwa kazini inajikunja na kusinyaa, inaacha msumari wake kama fizi inavyoacha jino. Bati zikaanza kufumuka. Wakatuita tukakaze. Mengine nimeshasema.

Mimi bado niko kitandani hospitali Maswa, mkutano wa kijiji ukafanyika. Mnunuzi akasimama akasema, "Nilimwachia fundi. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema zimekauka." Na ni kweli alisema! Nani angebisha?

Msimu uliofuata nilikwenda godaunini na mkongojo wangu, kutafuta kazi ya kukaa. Nikakuta ugomvi. Mama mmoja mkulima alikuwa amerudi na pamba yake, na juu ya baiskeli amefunga mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa.

"Huu umeshonwa kiwandani," akasema kwa sauti ya kuita ng'ombe. "Umeandikwa hamsini. Tundikeni. Someni wenyewe."

Mpima hakutaka. Wakulima wakautundika. Mshale ukasimama chini sana ya hamsini.

Mpima akasema, "Mayu, hata saruji hukauka njiani."

Watu walicheka, wengine wakaokota mawe. Mimi sikucheka wala sikuokota. Nilikuwa natazama ile rangi nyekundu ya kaka yangu, bado ipo pale kwenye uso wa mizani. Mizani ilikuwa inaiba uzito wa kila kitu kilichotundikwa. Wa pamba, wa saruji. Na wa mbao je? Kama ndivyo, mshale ulishuka mpaka kwenye alama na mbao zikiwa bado na maji.

Nimeuliza. Mnunuzi alisema mizani alikabidhiwa na ushirika ikiwa hivyohivyo. Meneja wa ushirika wa zamani alisema waliikabidhi nzima, na alikasirika kuulizwa. Bwana wa vipimo aliyekuja kuigonga muhuri alisema yeye alikuta kioo kimefungwa. Na mpima, yule wa penseli, aliniambia hivi, "Sisi tulikuwa tunapima pamba. Nani aliwatuma kupima mbao?" Kana kwamba kosa ni letu kuiamini.

Sitaji jina, wewe wa penseli, mwenyewe unajijua. Siku hizi una tumbo, una duka la pembejeo, na kanisani unakaa benchi la mbele. Mnunuzi alikutuma, hilo najua, na yeye ana lake la kujibu. Lakini mkono uliofungua kile kioo na kurudisha mshale nyuma ni wako. Ulisimama pale mlangoni ukiona tunatundika fungu. Ulimsikia kaka akisema tunapima maji. Ulicheka. Nataka kujua ulichekea nini.

Sitaki polisi, wala ng'ombe wako wa fidia sitaki. Wazee wa binti watarudi nyumbani kwetu baada ya mavuno, na kijana wa kaka yangu atakuwa amekaa pale ameinamisha kichwa. Njoo. Kaa mbele yao, kunywa maji kwanza kama unataka, kisha sema kwa mdomo wako: uliifungua mizani ile kabla hatujatundika mbao zetu, au baada? Hilo tu. Jibu.