Mshenga wa Wahadhiri na Chupa Zinazong'aa

Chuoni wanamwita Mshenga, na hata mkuu wake wa idara keshasahau jina lake halisi. Kazi yake ni kuwakutanisha wahadhiri na wafadhili wa utafiti: hupanga ukumbi, huwabembeleza wenye fedha waje, kisha humwomba Mungu wahadhiri wasizungumze mpaka watu wasinzie.

"Posa nyingi huvunjika kwenye slaidi ya tatu," husema, na mumewe, seremala, hucheka kila mara kana kwamba hajawahi kuisikia.

Mwaka jana alimfuata mhadhiri mmoja wa baiolojia, mtu mpole, mzito wa maneno, aliyekataa kila mwaliko.

"Dada, mimi sijui kujinadi."

"Sitaki ujinadi. Nionyeshe tu unachofanya."

Mhadhiri akafunga mapazia ya maabara, akazima taa. Rafuni chupa zikaanza kung'aa rangi ya buluu, taratibu, kama alfajiri. Ni vijidudu vya baharini, alieleza; kimoja hukioni, lakini vikikusanyika mamilioni hutoa nuru. Mshenga akajishika mdomo. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akipita mbele ya mlango ule.

"Slaidi ziache," alisema. "Lete hizi."

Akaazima mapazia mazito kwa kikundi cha maigizo, mumewe akaja kuyatundika ukumbini. Siku ya mkutano na wafadhili, zamu ya mhadhiri ilipofika, ukumbi ukawa giza totoro asubuhi kweupe. Chupa mbili ziling'aa mezani. Katika ya kwanza akamimina maji ya bomba. Nuru ikabaki palepale. Katika ya pili akamimina maji ya mtoni, yaliyochotwa mto ukishapita viwanda, pale watu wanapofulia na watoto wanapoogelea. Kwa macho yalikuwa maangavu kabisa.

Nuru ikafifia. Ikazidi kufifia. Ikazimika.

Mshenga, aliyepaswa kugonga kengele muda ukiisha, alisimama nayo mkononi, asijue muda umekwisha lini.

"Rudia," ilisikika sauti ndogo. Alikuwa mama wa mfuko wa utafiti wa maji, ambaye tangu mkutano uanze alikuwa akitaka kuondoka.

"Maji ya mtoni yamekwisha, mama."

"Basi usirudie. Nipeleke huko mtoni."

Wakaenda alasiri ileile, viatu vya mkutanoni vikizama matopeni.

Jioni seremala aliuliza mambo yalikwendaje. Mshenga akamsimulia habari ya chupa.

"Ilikuwa taa ya umeme?"

"Hapana, baba watoto. Vilikuwa hai. Vimekufa mbele yetu, na sote tumeona."



Ufadhili ulipatikana. Leo kuna vibanda vitatu vya kupimia maji kwa chupa kama zile kando ya mto, na kiwanda kimoja kimelazimishwa kusafisha majitaka yake. Vingine bado vinabishana. Mshenga huenda vibandani mara kwa mara, bila kuitwa na yeyote, akafunga mlango na kusimama gizani mpaka buluu ile ionekane.